Nimevuta mara 68, na floti ya dada imepungua

Mjomba, shikamoo.

Nina miaka 24, naishi Korogwe. Nakaa kwenye kibanda cha dada yangu cha uwakala wa pesa za simu, karibu na stendi. Mtaji ni wake, leseni ni yake. Mimi ananilipa laki na nusu kwa mwezi, na chakula nakula kwake.

Wateja wakipungua huwa nacheza gemu kwenye simu. Ni gemu la safari na vita, unakusanya mashujaa na kuwakuza. Jina lake naomba nilihifadhi. Mashujaa wakali huwanunui moja kwa moja. Unanunua vito, vito unageuza tiketi, tiketi unavutia, ndipo unaona nani katoka. Mara nyingi inatoka takataka, upinde wa nyota tatu ambao tayari ninao kumi.

Mwezi uliopita nilianza kuvuta kwenye bango, yaani tangazo la muda maalumu, la shujaa mmoja niliyemsubiri muda mrefu. Akatoka wa nyota tano kweli, lakini siye yule wa kwenye bango. Nilimtumia siku mbili nikamwacha. Tangu hapo nimevuta mara 68 na hajatoka mwingine. Bango linaisha Jumanne. Jamaa yangu tunayecheza naye ananiambia, "Uko karibu sana, ukifika 90 lazima atoke, ukiacha sasa umetupa hela yote." Ananiambia pia nivute saa tisa usiku, eti seva ikiwa haina watu inatoa vizuri.

Mjomba, hela hiyo haikuwa yangu. Nilitoa kwenye floti laki tatu na elfu ishirini, kidogo kidogo, naiweka kwenye kadi ya mtandaoni halafu nanunua vito. Nimerudisha laki moja na ishirini. Bado laki mbili. Dada anafunga mahesabu mwisho wa mwezi na hajui chochote.

Naomba unisaidie kwa haya: je, ni kweli niko karibu? Hawa watu wanatuchezea au ni bahati yangu mbaya? Nikope hamsini elfu nimalize, au niache? Na je, ni bora kuvuta moja moja au kumi kwa mpigo?

Mpwa wako, Korogwe

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilitaka kukujibu mstari mmoja: rudisha hela ya watu. Mara ya pili ualimu ukanishika, maana nimefundisha hisabati sekondari miaka 26, na maswali yako yana majibu ambayo huyo jamaa yako anayajua nusu. Mara ya tatu nikaona sentensi moja uliyoipitia mbio. Hiyo nitaifikia.

Gemu lako hukulitaja nami sitalibahatisha. Nitatumia Genshin Impact, lililotoka Septemba 2020, kwa sababu linachezwa na wengi na viwango vyake vimeandikwa ndani ya gemu lenyewe. Wewe fungua ukurasa wa maelezo kwenye bango lako, ule wa maandishi madogo ambao kila mtu anauruka, ulinganishe tarakimu. Majina yatatofautiana, lakini magemu mengi ya aina hii yanafuata mtindo huo huo.

Kwenye Genshin, kila unapovuta, nafasi ya kumpata shujaa wa nyota tano ni asilimia 0.6, yaani sita katika elfu moja. Mtu akisikia hivyo anagawa haraka haraka: elfu moja kwa sita ni 167, basi nikivuta mara 167 nimempata. Sivyo. Chukua debe lenye maharage 1,000, sita yakiwa mekundu. Unafumba macho, unatoa moja, unalitazama, unalirudisha, unatikisa debe. Mambo yote yako kwenye huko kulirudisha. Debe linaanza upya kila mara, halijui kama umekuja sasa hivi au umeshinda hapo tangu asubuhi. Watu 100 wakifanya hivyo mara 167 kila mmoja, kama 63 watakuwa wameliona jekundu angalau mara moja, na 37 wataondoka mikono mitupu. Wakiishia mara 90, watakaoliona ni 42 tu.

Niliwahi kulifanya darasani, kidato cha nne. Maharage 100, moja nimelipaka wino mwekundu, kila dawati livute mara 100. Madawati yalikuwa 20, saba hayakuliona kabisa lile la wino. Kijana mmoja akasimama akasema debe la mwalimu lina upendeleo. Alikuwa amekasirika kweli, na hapo hakuna aliyelipa hata senti.

Sasa, kama gemu lingekuwa debe tupu, ningekwambia kwamba hizo 68 zako si kitu, ya 69 ni sawa na ya kwanza, na jamaa yako anaota. Lakini si debe tupu. Lina kihesabio pembeni. Wachezaji wanakiita piti, yaani huruma, na kwenye Genshin kinafanya hivi: ukivuta mara 89 bila nyota tano, ya 90 ni lazima. Ukijumlisha na dhamana hiyo, wastani unapanda hadi asilimia 1.6, sawa na shujaa mmoja kwa kila mara 62 au 63. Kuna na jambo jingine ambalo ukurasa wa maelezo hauelezi, wachezaji waligundua wenyewe kwa kukusanya rekodi zao maelfu kwa maelfu: kuanzia kama ya 74, nafasi inaanza kupanda kwa takriban asilimia sita kila unapovuta. Aliyefika 73 bila kitu, karibu nusu ya walio kama yeye wanampata ikifika 77, na ikifika 80 wamebaki wachache.

Huruma hii ina historia yake. Mtindo wenyewe ulitoka Japani, kwenye mashine za dukani unazotia sarafu, unazungusha mpini, kinaanguka kipira chenye mwanasesere ndani. Gacha ni mlio wa mpini, pon ni mlio wa kipira kikidondoka, na jina likahamia kwenye simu. Mwanzoni mwa 2016 mchezaji mmoja wa Granblue Fantasy, gemu la Kijapani la simu, alijirusha mubashara akimtafuta shujaa mmoja wa mwaka mpya. Alivuta zaidi ya mara 2,000, ikamgharimu kama dola 6,000, watu wakitazama. Kelele zilizofuata ziliifanya Cygames, kampuni yenye gemu hilo, iweke ukomo: ukifika mara 300 unajichagulia mwenyewe. Kwa hiyo usidhani kihesabio kiliwekwa na mtu aliyekuonea huruma. Kilisaidia kuzima hasira, halafu kikaonekana kinauza vizuri kuliko hata bahati tupu, kwa sababu kinampa mtu kama wewe namba ya kushika mkononi. Mcheza bahati nasibu hana namba ya kukimbilia. Wewe unayo: 90.

Basi nikujibu la kwanza. Ndiyo, kama gemu lako linafuata kanuni kama hizi, uko karibu. Nikikuficha hilo utaligundua mwenyewe, halafu hutaniamini kwa mengine. Na kuna zaidi, jambo ambalo jamaa yako hakukuambia, labda halijui. Umesema mwezi uliopita alitoka wa nyota tano asiyekuwa wa bango. Hilo wachezaji huliita kupoteza nusu kwa nusu. Shujaa wa nyota tano akitoka, kuna takriban nusu ya nafasi kuwa ni yule anayetangazwa (tangu toleo la 5.0 la Agosti 2024 Genshin waliisogeza kidogo, ukijumlisha ni asilimia 55), na asipokuwa yeye, anayefuata ni lazima awe yeye. Maana yake wewe huenda tayari una dhamana. Zimebaki mara 22 kwa ubaya kabisa, na atakayetoka ni wa kwenye bango.

Najua sasa hivi unatabasamu. Subiri kwanza.

Kihesabio hicho hakifutwi Jumanne. Kwenye Genshin hesabu ya mabango ya mashujaa inahamia bango linalofuata la aina hiyo, na dhamana nayo inahama. Jamaa aliposema ukiacha umetupa hela yote, hapo ndipo alipokupoteza. Ukiacha leo, 68 inabaki 68 mwezi ujao na mwezi wa kumi. Kinachoisha Jumanne ni tangazo la shujaa mmoja tu. Mashujaa wa mabango huwa wanarudi, ingawa hakuna aliyekuahidi lini, na huyu unaweza ukamkosa. Lakini haraka yote uliyo nayo umeuziwa. Soma ukurasa wako kuhusu hili kwanza kabla ya kitu kingine chochote, maana yapo magemu mengine ambayo hesabu hufa na bango. Likiwa la kwako ni hivyo, ndiyo sababu zaidi ya kuliacha.

Tuje kwenye hela. Kuvuta mara moja kwenye Genshin ni vito 160, vile wanavyoviita Primogem. Mara 22 ni vito 3,520. Kifurushi cha dola 50 kinakuvusha hapo. Hiyo ni zaidi ya hamsini elfu yako mara mbili, kwa hiyo hata hicho unachotaka kukopa hakimalizi kazi kwa ubaya wake. Kwa upande mwingine, kazi nne za kila siku ndani ya gemu zinakupa vito 60 bure. Gawa mwenyewe: kama siku 59. Miezi miwili ya kucheza tu, bila shilingi, bila kuhesabu zawadi za matukio, na dhamana yako iko pale pale.

Na anayeanza sifuri je? Nakuandikia ili ujue bango linalofuata linauzwa bei gani kwa mtu asiye na hesabu yako. Kwa ubaya, mara 90 anatoka asiye wako, mara 90 nyingine anatoka wako: 180, vito 28,800. Kifurushi kikubwa cha dola 100 kinatoa vito 8,080 ukiondoa ofa ya mara ya kwanza. Ni vifurushi vinne, dola 400. Ukichukua wastani badala ya ubaya, ni kama mara 90 na kidogo, karibu dola 180. Halafu wanakuambia shujaa huyo huyo akipatikana mara saba ndiyo nguvu zake zinakamilika. Mara saba! Hapo wastani unapita kuvuta mara 600, na dola zinapita elfu moja na mia mbili. Mimi kwa hela hiyo nafungua kibanda cha pili jirani na cha dada yako.

Umeona pia jinsi bei inavyojificha. Shilingi inakuwa dola, dola fuwele, fuwele vito, vito tiketi. Ukifika kwenye tiketi umeshasahau kwamba kuvuta mara moja ni kama dola mbili, hela ya sahani ya chipsi mayai. Januari 2025 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliishtaki kampuni inayochapisha Genshin kwa mambo hayo, kwamba sarafu za tabaka tabaka ziliwachanganya wachezaji, watoto wakiwemo, kuhusu gharama halisi na nafasi halisi. Kampuni ilisema haikubaliani na mengi ya madai hayo, lakini ikakubali kulipa dola milioni 20 na kuzuia walio chini ya miaka 16 wasinunue bila ridhaa ya mzazi.

Wanatuchezea? Swali lako hili si la kijinga. Kabla ya sheria kuanza kudai, kampuni nyingi hazikuchapisha viwango kabisa. China ililazimisha vichapishwe kuanzia Mei 2017, na Apple ikafuata kwenye duka lake Desemba mwaka huo. Korea Kusini walikuwa na kesi nzito zaidi. Januari 2024 kampuni ya magemu ya Nexon ilipigwa faini ya won bilioni 11.6 kwa ajili ya MapleStory, gemu linalochezwa na watu wengi pamoja mtandaoni. Huko kitu cha kubahatisha kilichouzwa kilikuwa ni mchemraba wa kubadilisha uwezo wa silaha na vifaa. Mamlaka ya ushindani ilikuta kwamba kampuni ilishusha nafasi za matokeo yanayopendwa kuanzia 2010 bila kuwaambia wachezaji, na kwamba kuanzia 2011 mpaka 2021 baadhi ya michanganyiko waliyoitafuta sana iliwekwa sifuri. Sifuri, mpwa wangu. Watu walilipa miaka kumi kuvuta haragwe ambalo halikuwemo ndani ya debe. Kwa hiyo uwezekano wa kuchezewa upo, na umethibitika mahali fulani. Lakini kilichokupata wewe, mara 68 bila kitu, hakihitaji hila yoyote. Kwa asilimia 0.6, katika wachezaji 100 kama 66 wanafika 68 wakiwa mikono mitupu. Huna bahati mbaya. Uko na wengi.

La saa tisa usiku liache. Matokeo yanaamuliwa kwenye seva pale unapobonyeza, na ile nyota inayoanguka kwa rangi ni sinema ya kukuonyesha kilichokwisha kuamuliwa. Kitu pekee utakachopata saa tisa usiku ni usingizi mezani kesho yake, na mteja kukutumia namba ukaikosea.

Sasa dada.

Wewe ni wakala, unajua floti ni nini kuliko mimi. Mzee akija na hela taslimu anataka kuweka laki mbili za matibabu kwenye simu, ukamwambia "floti imeisha, mzee, jaribu pale mbele," anakwenda pale mbele na kesho anaanzia pale mbele. Dada yako amepoteza laki mbili, na amepoteza pia wateja ambao wewe umewaona na yeye hajui kwa nini hawarudi. Usikope hamsini elfu za gemu. Usikope hata za kuziba pengo kabla hujasema, maana ukiziba kimya kimya utakuwa umejifundisha kwamba inawezekana.

Mwambie kabla ya mwisho wa mwezi, wiki hii, jioni mkishafunga. Nenda na daftari. Uwe umeandika tarehe na kiasi cha kila ulichotoa, na kila ulichorudisha, usimpunguzie hata elfu tano. Mwombe akate elfu hamsini kila mwezi kwenye mshahara wako, miezi minne imekwisha. Mwombe pia, wewe mwenyewe kabla hajafikiria, namba ya siri ya laini ya kazi aibadilishe na salio akague kila jioni kwa muda. Atakasirika. Huenda akasema maneno ambayo utayakumbuka. Mwache aseme. Halafu mbele yake toa ile kadi ya mtandaoni kwenye akaunti ya simu.

Ile sentensi niliyoisema ni hii: "Nilimtumia siku mbili nikamwacha." Uliwahi kumpata wa nyota tano, yule ambaye kila unapovuta ana nafasi sita tu katika elfu moja, na kwa siku mbili ulikuwa umeshamchoka. Utasema ni kwa sababu hakuwa uliyemtaka. Inawezekana. Lakini jiulize, wale uliowataka uliwatumia siku ngapi? Nina wasiwasi kwamba unacholipia ni zile sekunde kabla nyota haijaonyesha rangi yake, na hizo haziwezi kukusanywa wala kukuzwa. Kama ndivyo, miezi miwili ya vito vya bure itakuonyesha, kwa sababu utacheza bila kuvuta. Ukiona gemu halina ladha tena, umeshapata jibu, na limekugharimu data tu. Na ukikuta huwezi kabisa kukaa nalo bila kununua, lifute hata kama una dhamana. Usiiuze akaunti kwa yeyote atakayekuambia ana mnunuzi. Wengi huko wanachotaka ni nywila yako, na kampuni zenyewe hukataza.

La moja moja au kumi kwa mpigo: kwenye Genshin bei ni ile ile, 160 kwa moja, 1,600 kwa kumi, na nafasi ni zile zile. Tofauti ni kwamba ukivuta kumi na shujaa akatoka kwenye ya tatu, saba zilizobaki zimekwenda kuanza kujaza kihesabio kipya bila wewe kuamua. Vuta moja moja, na vito vya bure tu.

Nisalimie dada yako, ukishamwambia.